Wanangu wote wako Mwanza, shambani nimebaki na mama yao

Wiki hizi meseji nyingi mnazotuma zinazunguka jambo moja, watu kutoka kijijini kuja mjini, wengine mnauliza kwa hasira wengine kwa uchungu. Nimechukua nne. Nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa. Hiyo ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko kawaida maana niliisoma asubuhi nikashinda nayo kichwani mpaka jioni.

SWALI: Mwanangu hapo kwenye gazeti, habari za kazi. Mimi ni mzee wa miaka 63, naishi kijiji kimoja huku Misungwi. Nina watoto watano, wa kiume watatu na wa kike wawili, wote wako Mwanza. Mmoja anaendesha bodaboda Buhongwa, mmoja anabeba mizigo mwaloni Kirumba, mwingine anatembeza nguo za mitumba. Wasichana mmoja ni mamantilie Igoma na mwenzake kaolewa Nyakato. Shamba ninalo ekari kumi na mbili lakini sasa tunalima nne tu, mimi na mama yao, zingine zimeota nyasi. Majirani wanasema nimelea watoto wavivu wanaopenda taa za mjini. Nikienda kuwatembelea nakuta wanalala watu wanne chumba kimoja, maji ya ndoo wananunua, choo cha foleni. Mji una nini hasa? Na mimi nilikosea wapi?

JIBU: Shikamoo baba. Hujakosea popote na wanao sio wavivu, mtu mvivu hawezi kubeba magunia ya dagaa pale mwaloni kuanzia alfajiri giza bado lipo. Naomba nikae na wewe kidogo kwenye hili maana mimi mwenyewe ni mtoto wa Kwimba, nilikuja Mwanza nikiwa msichana, juu ya lori la pamba, kwahiyo mengine nayasema kwa kuyaishi.

Tuanze na hizo ekari. Unazo kumi na mbili. Ukigawa kwa wavulana peke yao kama wengi huko kwetu wanavyofanya (hapo nitarudi), kila mmoja anaondoka na nne. Na yeye akizaa wanne, mjukuu wako anabaki na ekari moja, ambayo mvua ikikosea haimlishi hata nusu mwaka. Babu yao hakulima hivyo, yeye shamba likichoka alikuwa analiacha lipumzike miaka kadhaa anafyeka pengine, na pengine palikuwepo. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, yaani tumekuwa mara tano ndani ya umri wako wewe baba, na nchi ni ileile. Mkoa wetu peke yake ulikuwa na watu kama milioni 2.8 mwaka 2012, miaka kumi baadaye wakafika milioni 3.7. Ng'ombe nao wanataka pa kulisha. Na mawe ya kwetu unayajua yalivyo mengi.

Lakini ardhi peke yake haimalizi maelezo, maana wewe umesema ekari nane zimeota nyasi, kwahiyo kwako kwa sasa ardhi ipo na watu ndo hawapo. Hapa ndo penyewe. Kinachowaondoa vijana ni ile namna hela inavyotoka shambani. Pamba inapandwa Novemba, Desemba, inapaliliwa, inapigwa dawa, inachumwa, inaanza kuuzwa Mei au Juni, hela inakuja mara moja kwa mwaka na bei anayepanga sio aliyelima. Mahindi nayo, ikifika Januari mvua zinaweza zikakata wiki tatu nne na wewe umeshamaliza kupalilia, unabaki unaangalia majani yanajikunja. Mtoto akiugua Machi je? Sare za shule Januari je?

Nakumbuka mwaka mmoja nikiwa darasa la sita tulivuna vizuri mpaka pamba ikajaa chumba cha wavulana, wakawa wanalala nje. Baba akapeleka mizigo ghalani, ikapimwa, akapewa karatasi, akaambiwa hela inakuja. Ile karatasi aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, na kila jioni alikuwa anaitoa, anaisoma, anairudisha. Mvua za mwaka uliofuata zikaanza hela haijaja. Mama alikuwa na ujauzito unamsumbua, akauzwa mbuzi, akauzwa mwingine. Kaka yangu mkubwa hakusema kitu, siku moja asubuhi akamkabidhi mdogo wake baiskeli akapanda lori. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa hapa Mwanza, akapata kibarua cha kupakia barafu. Wiki ya tatu akatuma bahasha kwa konda wa basi. Hela yenyewe ilikuwa ndogo, ila mama alienda hospitali kwa ile bahasha, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza tena mjini kuna nini.

Hela ya mjini ni kidogo baba lakini inaonekana kila siku. Huyo wako wa bodaboda asubuhi anaamka anawaza hesabu ya bosi, akishaipata inayobaki ni yake, jioni hiyohiyo ananunua unga na akitaka anakutumia wewe elfu tano. Haimtajirishi, ila mtu anayepata kila jioni anaweza kupambana na ugonjwa wa Machi, anayepata Juni hawezi.

Alafu kuna jambo ambalo wewe kama Msukuma utalielewa haraka kuliko mtu mwingine. Wazee wetu walikuwa hawaweki ng'ombe wote zizi moja, wengine wanapelekwa kwa shemeji, wengine kwa rafiki kijiji cha mbali, ili ugonjwa ukiingia huku kule wabaki, na ukame ukipiga kule huku wasife. Familia nyingi ndo zinavyofanya na watoto bila hata kukaa kikao. Mmoja anabaki na jembe, mmoja ziwani, mmoja migodini Geita, mmoja mjini. Mvua ikikataa Misungwi haikatazi watu wa Buhongwa kupanda bodaboda. Jiulize tu, bati la nyumba yako lilinunuliwa na nani? Ile dawa ya pamba ya mwaka juzi? Kabla ya 2008 hatukuwa na M-Pesa hapa nchini, tulikuwa tunategemea bahasha na uaminifu wa konda, sahivi meseji inaingia ukiwa shambani. Na wewe nina uhakika gunia la michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, linapanda gari kila msimu. Hiyo bado ni kaya moja, imelala sehemu mbili tu.

Umeuliza kwanini wavumilie chumba cha watu wanne. Mchumi mmoja wa Marekani, Michael Todaro, aliliandikia hilo mwaka 1969, alikuwa anashangaa kama wewe, mbona miji ya Afrika imejaa watu wasio na ajira na bado wengine wanazidi kuja. Akasema mtu anayehama halinganishi mapato ya leo peke yake, analinganisha shamba na kile anachoweza kukipata mjini baadae akibahatika, na anajua kabisa anaweza asibahatike. Wanao wanajua choo ni cha foleni. Wanajua pia kwamba yule jirani aliyeanza kwa kutembeza mitumba leo ana fremu. Shambani wameshaona mwisho wake ukoje, wameuona kwako baba, samahani kwa kusema hivyo. Mjini mwisho hawajauona.

Na sio kwamba wamekimbia mbali. Mwaka 1885 Ernst Ravenstein, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alichambua sensa za kule akakuta wahamaji wengi wanaenda karibu tu, tena kwa hatua, wa kijijini anasogea mji mdogo, wa mji mdogo anasogea mkubwa, na wanawake kwa safari fupi wanahama kuliko wanaume. Ukitaka kuamini simama stendi ya Nyegezi asubuhi yoyote uulize watu wametoka wapi, Misungwi, Sengerema, Usagara, Geita. Wanao wako kwenye nauli ya saa moja.

Shule nayo imechangia na sio kwa ubaya. Tangu shule za kata zilipoongezeka miaka ile ya 2004 kuendelea, alafu 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne, mtoto anakaa darasani mpaka miaka 17, 18. Akirudi nyumbani kila mtu anamuuliza ana kazi gani. Akishika jembe wanamcheka eti kasoma bure. Sisi wazazi wenyewe tumewaambia usiposoma utalima, tumelifanya shamba adhabu, sasa tunashangaa hawalitaki.

Nirudi kwa wasichana wako. Barua yako yote haikuwaweka kwenye hesabu ya shamba, nami najua mila yetu ilivyo, binti anaolewa anakula kwa mume. Akiachika je, au akifiwa? Ndo hapo unawaona Igoma na masufuria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi na mila inayomnyima haina nguvu, lakini kijijini nani anampelekea mtendaji hiyo sheria. Na lingine linaniuma kulitaja, kwenye vijiji vyetu bibi zetu macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe wa miaka hamsini, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa. Ninazijua familia zilizohama usiku na bibi yao. Wale hawakufuata taa.

Taa zenyewe zipo, sikatai. Kijana anapenda umeme, mpira kwenye tivii, sehemu ambayo hakuna anayemjua babu yake. Kijiji kikipata umeme kinyozi anafungua, mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea, na wachache wanabaki.

Sasa ushauri. Desemba wakija, kaa nao wote watano, wa kike wakiwemo, uwaulize kila mmoja anataka nini kwenye zile ekari nane. Usiuze. Nimeona wazee wengi wanauza shamba wampe mtoto mtaji wa bodaboda, pikipiki inachakaa miaka mitatu na shamba halirudi. Kama kuna sehemu inatuamisha maji, majaluba ya mpunga yanalipa kuliko pamba, na hao wa mjini wanaweza kuchanga hela ya vibarua na trekta wakaja wenyewe wiki ya kuvuna. Nyingine kodisha kwa msimu, iandikwe mbele ya serikali ya kijiji. Na uulize ofisi ya ardhi ya wilaya kuhusu hati ya kimila, shamba lenye nyasi bila karatasi linatamanisha watu. Msalimie mama kwa Kisukuma chetu, mwambie mwangaluka.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19 wa Ukerewe, nimemaliza kidato cha nne na matokeo sio mazuri. Tuko saba nyumbani, shamba la mihogo halifiki ekari mbili. Nina akiba ya elfu themanini. Binamu yangu anaishi Mabatini kasema nikija tutaangalia. Rafiki zangu wanasema bora niende kambini nikavue dagaa. Niende wapi?

JIBU: Marahaba. Ukerewe naielewa, na Ukara hapo jirani yenu ndo mfano ambao wataalamu wanausema tangu enzi za mkoloni, kisiwa watu wamebanana mpaka ng'ombe wanafungwa ndani wanaletewa majani na samadi inahesabiwa kama mali, wanalima kila kipande kila mwaka na bado ardhi haiwatoshi vijana. Kwahiyo kuondoka kwako sikupingi.

Dagaa wanavuliwa kwenye giza, taa ndo zinawavuta, mwezi ukiwa mkubwa hamuingii ziwani na siku hizo mnakula kwa mkopo wa mwenye mtumbwi, ukija kugawana unakuta unadaiwa. Sangara nao sio wale wa miaka ya tisini. Kambini hela inakuja usiku inaisha usiku, na maradhi mnayajua. Ukienda, nenda kwa msimu mmoja wa kutafuta mtaji, tena mhesabu na mwenye mtumbwi kabla hujapanda.

Mwanza sasa. Hiyo elfu themanini usiikodishie chumba, haitoshi. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Kaa na binamu ila kabla hujapanda meli mpigie umuulize maneno mawili, nitakaa muda gani na nitachangia nini. "Tutaangalia" sio jibu. Wengi wanagombana na ndugu mwezi wa pili kwasababu hilo halikusemwa. Siku ya kwanza nunua unga kilo tano na mafuta uweke ndani, hata kama hakuomba. Vyumba vya milimani kule Mabatini na Igogo kodi ni nafuu kwasababu unapanda mawe na ndoo kichwani, utazoea, ila mvua kubwa angalia mfereji unapita wapi kabla hujalala.

Kazi ya haraka ni kubeba, ipo, mwaloni au sokoni, inalipa siku hiyohiyo. Mimi ningekuomba iwe ya asubuhi tu, mchana ukakae kwa fundi, aluminiamu, friji, kuchomelea, hata ukishika spana bure miezi sita. VETA nao wana kozi fupi, kaulize mwenyewe usiulizie kijiweni.

Na hili lisome mara mbili. Utapigiwa simu au utaambiwa na mwanafunzi mwenzako kuna ofisi inaajiri, mshahara mzuri, njoo na laki kadhaa za mafunzo na sare. Hiyo sio kazi. Vijana wanauza mbuzi wa wazazi wanakuja kukaa kumi chumba kimoja wanafundishwa kuwaita wengine, hela haionekani tena. Mwajiri ndo anakulipa wewe. Beba cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya shule na barua ya mtendaji, weka na picha zake kwenye simu ya mama.

SWALI: Dada, mimi nimezaliwa Mwanza na nimesomea hapahapa. Mji umeharibika. Pale Makoroboi katikati ya mji machinga walipangwa wakaondolewa mwaka 2021, wamerudi. Milima yote imejaa vibanda mpaka juu ya mawe, vibaka usiku. Kwanini serikali isiwakusanye wote wasio na kazi ikawarudisha vijijini kwao wakalime?

JIBU: Kaka, hasira yako naielewa, hata mimi napita hapo na mtoto mkononi. Ila hicho unachokiomba kilishafanyika na hakikufanya kazi, tena zaidi ya mara moja.

Mwingereza alikuwa hataki Mwafrika akae mjini bila kazi inayojulikana, walikuwa wanakamatwa wanarudishwa. Tukapata uhuru, likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, mkazo ukawa kijijini, alafu kati ya 1973 na 1976 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa ili wapate shule, maji na zahanati hukohuko. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvukazi, asiye na kitambulisho cha kazi anakamatwa, anapakiwa, anapelekwa akalime. Waulize wazazi wako watakusimulia. Walishushwa, wakalala siku mbili, wakarudi na basi la kwanza, wengine walirudi kabla ya gari lililowapeleka. Sababu ni ileile niliyomwambia mzee wa Misungwi, ukimshusha mtu kwenye ekari moja isiyo na mvua hujambadilishia kitu. Mwaka 1967 katika Watanzania mia waliokuwa mjini ni kama sita, mwaka 2022 wakawa karibu 35. Misako yote ile iko katikati ya namba hizo mbili.

Na wote unaowaona hawakuja kwa basi. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zimeshapita watu milioni moja, wengi wao wamezaliwa hapahapa kama wewe, ni watoto wa waliokuja miaka ya sabini kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo na bandarini. Wengine hawajahama kabisa, mji ndo umewafuata, Buhongwa na Igoma wazee wanakumbuka mashamba ya mihogo, na Kisesa kule Magu inaelekea hukohuko.

Nikuombe uangalie siku yako moja tu. Aliyekuletea maji yakikatika, aliyepanga mawe ya msingi wa nyumba yenu, dada anayemuogesha mtoto, aliyekaanga samaki uliokula mchana, bajaji iliyokurudisha. Wangapi wamezaliwa mjini? Mji huu unakula kwa mikono ya hao unaotaka wapakiwe.

Tatizo lako la kweli ni kwamba watu wanafika kabla ya viwanja kupimwa. Mtu hajengi juu ya jiwe kwa kupenda, anajenga pale kwasababu ni karibu na kazi na hakuna aliyemuuzia kiwanja cha bei yake tambarare. Ukienda kwenye mkutano wa mtaa, hilo ndo la kudai, viwanja vidogo vya bei nafuu kabla watu hawajafika, njia ya maji ya mvua, na soko la machinga liwekwe pale wateja wanapopita. Wakipelekwa porini watarudi Makoroboi, maana biashara ya kutembeza inafuata miguu ya watu.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 16. Mama mmoja alinichukua kijijini kwetu Sengerema akamwambia mama yangu kwamba nitamsaidia kazi asubuhi, jioni nitasoma ushonaji. Huu mwaka wa pili sijashika cherehani. Naamka saa kumi, nalala wa mwisho. Mshahara anasema anamtumia mama, mama anasema amepata mara tatu tu. Natumia simu ya jirani. Naogopa nikiondoka nitaonekana nimeshindwa mji.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri sana kuandika.

Sikiliza, wewe bado ni mtoto kwa sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na akifanya kazi lazima alipwe ujira unaolingana na kazi yenyewe, na kazi isimuumize wala kumnyima masomo. Kwahiyo unachodai ni haki yako, hujakosa adabu.

Piga 116 kwa hiyo simu ya jirani, ni namba ya kusaidia watoto, hailipiwi, unaweza kupiga hata kama salio halipo. Ukishindwa, siku ukitumwa dukani pita ofisi ya mtendaji wa kata umuulize afisa ustawi wa jamii. Polisi nako kuna dawati la jinsia na watoto, unaweza kwenda na huyo jirani. Ukipigwa au mtu yeyote humo ndani akikugusa vibaya, usisubiri kesho, toka uende kwa jirani palepale. Mweleze mama ukweli wote kwa sauti yako, na aandike hizo mara tatu alizopokea, tarehe na kiasi, itasaidia mkianza kudai.

Kurudi nyumbani sio kushindwa. Mimi kaka yangu alirudi Kwimba mara mbili kabla hajatulia hapa. Na Sengerema sahivi sio mbali kama ulivyokuja, daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025, hakuna tena kukaa ukisubiri kivuko, ukipanda gari Nyegezi asubuhi mchana uko kwa mama. Cherehani utajifunza, wilayani kwenu mafundi wapo, na mimi nitakutafutia wa kuanzia naye.

Ukiipata tena hiyo simu niandikie hata neno moja tu, nipo, nijue.